Ujira Wako Usiufiche Ndani ya Bei ya Kochi

Bujumbura, mtu anayepamba nyumba za watu hupata kazi upesi kuliko anavyopata pesa. Kazi zipo. Nyumba mpya zinaota Kibenga, Gihosha na Kanyosha. Mashirika yanapanga upya ofisi zao Rohero. Mikahawa ya ufukweni hubadilisha sura kila inapopata mmiliki mpya. Na Warundi walioko Ubelgiji na Kanada wanajenga huku nyumbani, wakitaka siku wakija likizo wakute sebule iko tayari. Pamoja na hayo, wabunifu wengi wenye jicho na mkono mzuri hufunga shughuli baada ya miaka michache, wakiwa na madeni kwa mafundi na simu za wateja wasizothubutu kupokea. Waulize, watasema mteja alikuwa mgumu, au fundi alikula avansi, au dola ilipanda. Yote yanaweza kuwa kweli. Chini yake, mara nyingi, iko sababu moja: mbunifu hakulipwa kwa ubunifu wake. Alitegemea kinachobaki juu ya bei ya bidhaa, na kinachobaki kikaisha.

Desturi ya mjini tunaijua. Mteja anakuita, unakwenda, unapima, unachora, unamwonyesha picha kwenye simu. Hayo yote bure. Kisha unampa devi moja ya jumla: makochi, pazia, makaro, rangi, kazi ya mafundi. Ndani ya kila bei umeongeza kidogo, na hicho kidogo ndicho riziki yako.

Tuchukue mfano wa sebule na chumba cha kulia, Kinindo, kwa devi ya faranga milioni 10. Bidhaa za kutoka nje, yaani makaro, taa, kitambaa cha makochi na fimbo za pazia, zinakula milioni 6. Mafundi na vifaa vya hapa hapa, milioni 2 na nusu. Inabaki milioni 1 na nusu, ambayo mteja haijui na wewe unaitegemea kulipia kodi. Mteja anakubali, anachelewa kutoa nusu yake, na ukifika dukani bidhaa zimepanda kwa asilimia 20. Milioni 1 na laki 2 zimekwenda. Umebaki na laki 3 kwa kazi ya miezi miwili, na hapo fundi hajakosea kipimo hata kimoja.

Mfano ni wa kubuni, hali ni ya kweli. Mei 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipoishusha faranga, bei rasmi ya dola iliruka kutoka faranga 2,000 na kitu hadi zaidi ya 2,800 kwa mara moja, huku bei ya mtaani ikiwa imeshatangulia zamani. Aliyekuwa ameuficha ujira wake ndani ya makaro alipoteza vyote viwili. Aliyekuwa ameandika kwenye karatasi, mstari wa peke yake, "ujira wa ubunifu na usimamizi", alikaa na mteja wakapunguza taa, wakabadilisha kitambaa, na ujira ukabaki mahali pake. Ndiyo maana nasema, na nasema kwa uzito wote: akili yako iuze kwa jina lake na kwa bei yake.

Anza na ziara ya kwanza. Ilipiwe, hata kiasi kidogo tu kinachotosha usafiri na nusu siku yako, na umwahidi mteja kwamba kitakatwa kwenye ujira mkikubaliana kuendelea. Malipo hayo madogo huchuja. Anayetaka picha za bure akampe fundi wake wa bei ya chini hatakuita tena, na hiyo ni faida. Michoro na orodha ya vifaa, pamoja na vipimo vyake, iwe na bei yake, na ilipwe kabla ya kukabidhiwa. Katika kikao cha kwanza mwonyeshe kwenye kompyuta yako au kwenye karatasi unayorudi nayo; usimtumie kwa WhatsApp mchoro wenye vipimo kabla hajalipa, kwa sababu ukishatoka kwenye simu yako umekwisha kuwa wa mtaa. Usimamizi ulipwe kwa hatua za kazi au kwa wiki, na idadi ya ziara zako itajwe, la sivyo utaitwa kila asubuhi kuja kuangalia msumari.

Atakuja mzee mmoja akuulize kwa upole kabisa, "Mwanangu, kwa kuchora tu ndiyo unitoze pesa?" Usinune, wala usikimbilie kutaja vyeti. Mwombe mzunguke naye nyumba yake. Karibu kila nyumba ina kosa lililonunuliwa kwa pesa nyingi: seti ya makochi ya watu saba iliyoletwa bila kupima, ikaziba mlango wa barazani, dari ya jipsamu iliyoshushwa mpaka feni ikakosa nafasi, katika mji wa joto kama huu, makaro yanayoteleza mlangoni mwa bafu. Mwambie kosa kama hilo lilimgharimu kiasi gani, halafu mtajie ujira wako. Mzee atafanya hesabu mwenyewe.

Wapo wanaotoza asilimia ya vitu vinavyonunuliwa, na njia hiyo ina historia ndefu. Mmarekani Elsie de Wolfe, anayehesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza kuifanya kazi hii kuwa taaluma ya kulipwa, alipopewa na tajiri Henry Clay Frick vyumba vya kupamba katika nyumba yake mpya ya New York kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alikubaliwa asilimia 10 ya gharama ya vitu alivyonunua, akatajirika. Ubaya wa asilimia ni kwamba unaponunua ghali unalipwa zaidi, na mteja makini ataliona hilo na kuanza kukushuku. Katika mji ambao bei zinaruka zenyewe, ni heri ujira wa kiasi kilichotajwa, uliokadiriwa kwa ukubwa wa kazi na muda wake. Bei ya makaro ikipanda usineemeke, ikishuka usiumie.

Hapo ndipo tunafika kwenye komisyo ya dukani. Mwenye duka la vitambaa au vifaa vya bafu, mtaa wa Asiatique au kwingine, atakuita pembeni na kukwambia ukimletea mteja atakukumbuka. Wengi wanapokea na hawaoni ubaya, maana mji mzima unaishi kwa makomisioneri, kuanzia kiwanja hadi gari. Mimi naiona ni sumu katika kazi yetu. Ukipokea kimya kimya, ushauri wako umeshanunuliwa na mtu mwingine, na Bujumbura ni mji mdogo: mwenye duka atasali msikiti mmoja na mteja wako, au watoto wao watasoma darasa moja, na siku moja maneno yatatoka. Mwambie mwenye duka hicho alichotaka kukupa akiandike kama punguzo kwenye ankara ya mteja. Mteja akiona jina la duka, bei, na punguzo lililopatikana kwa ajili yako, kesho atakuita kwa nyumba ya dada yake. Na ukiona huwezi kuishi bila komisyo, basi mwambie mteja wazi mwanzoni kwamba unaipokea. Kinachoua ni siri.

Sasa pesa yenyewe. Pesa ya mteja si yako mpaka uifanyie kazi, na njia ya kulikumbuka hilo ni kuiweka mahali pengine. Fungua akaunti ya pili benki, au walau uwe na laini ya pili ya Lumicash au EcoCash kwa ajili ya pesa za kazi tu, na daftari lenye ukurasa kwa kila mteja. Matumizi ya nyumbani yasiiguse. Kwa bidhaa kubwa za kutoka nje, bora zaidi pesa isipite kwako kabisa: panga na mteja mwende dukani, alipe mwenyewe, ankara iandikwe jina lake. Devi nayo iwe na tarehe ya kuisha. Andika chini yake kwamba bei za bidhaa zinasimama kwa siku saba, na baada ya hapo zitaulizwa upya. Mteja mwenye nia atanunua ndani ya wiki hiyo. Asiyenunua hatakulaumu bei ikibadilika, maana alisoma.

Fundi anahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi hufia. Nenda Buyenzi, ukae asubuhi moja kwenye karakana ya seremala mzuri. Kuna kabati halijapakwa vanishi, vitanda viwili bila mbao za chini, meza ya mtu aliyekwisha chukia. Seremala huyo si mwizi. Amepokea avansi ya kabati, akainunulia mbao za vitanda ambavyo avansi yake ilinunua vifaa vya meza, ambayo avansi yake ililipa kodi ya karakana. Yako ikifika, itakwenda kumaliza kabati. Kazi yako itaanza atakapopatikana mteja mwingine wa kutoa avansi. Ukilijua hilo huna haja ya kugombana na mtu. Nunua mbao mwenyewe, zipeleke karakana, weka alama ya rangi kwenye kila ncha, piga picha, mwandikiane idadi. Kwa fundi lipa mkono wake tu, kwa hatua zinazoonekana: fremu imesimama, milango imeingia, vanishi imekauka, imefungwa nyumbani kwa mteja. Sehemu ya mwisho isiwe ndogo sana, la sivyo hatarudi kurekebisha bawaba. Na hatua ikifikiwa, lipa siku hiyo hiyo kabla jua halijazama. Fundi anayelipwa na wewe bila kusumbuliwa atawaacha wengine wasubiri.

Kuhusu mbao zenyewe, usikubali kuharakishwa. Libuyu na mbao nyingine ngumu kutoka Kongo huuzwa mara nyingi zikiwa bado na maji, na mwenye duka ataapa kwamba zimekauka. Inyanyue: mbao mbichi ni nzito kuliko inavyoonekana. Kata kipande kidogo mwishoni, shika sehemu iliyokatwa kwa kiganja; ikiwa baridi na yenye unyevu, iache. Kifaa cha kupima unyevu kinauzwa bei ya kawaida, na aliye na rafiki anayekuja kutoka Nairobi au Dar es Salaam amwagize kimoja, kitalipa gharama yake kwenye kabati la kwanza. Mbao ya unene wa sentimita mbili na nusu inataka miezi mingi kivulini, imepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Kwa hiyo mbunifu anayefikiria mbali hununua mbao mapema, pesa ikiruhusu, na kuziweka. Mlango wa kabati uliotengenezwa kwa mbao mbichi wakati wa mvua utaonekana umekaa sawa. Ukifika Julai, upepo mkavu ukivuma, utakuwa umejipinda na mteja yuko kwenye simu. Huyo mteja hatamtaja seremala. Atakutaja wewe.

Umeme na mafuta viingie kwenye ratiba yako kama siku za wiki zinavyoingia. Karakana ya fundi vyuma haichomelei bila umeme wa Regideso au jenereta, na jenereta haiendi bila mafuta, ambayo kwa miaka hii ya karibuni yamekuwa ya kutafutwa kwa foleni. Usimwahidi mteja tarehe moja. Mpe wiki ambayo kazi itaisha mambo yakienda sawa, na wiki ambayo itaisha umeme na mafuta vikisumbua, na uandike zote mbili. Usafiri uwe na mstari wake katika devi, kwa sababu gari la kubeba makochi kutoka Buyenzi hadi Gihosha halina bei moja kutoka Jumatatu hadi Ijumaa.

Kwa upande wa vifaa, nina sheria moja ninayowasisitizia vijana: chora kilichopo. Kontena linashuka Dar es Salaam, linapita mpaka wa Kobero au linavushwa ziwani kutoka Kigoma, na njiani kuna mambo mengi. Mpaka na Rwanda ulipofungwa Januari 2024, waliokuwa wamechora vitu vya kuagizwa kupitia Kigali walibaki na michoro. Ukimwonyesha mteja picha ya taa ambayo haimo mjini, umemuahidi taa hiyo, hata kama hukutamka neno. Nenda kwanza madukani na sokoni, piga picha ya kilichomo na bei yake, ndipo uchore.

Tena kilichomo si haba. Vitenge vya Afritextile, kiwanda cha nguo kilichorithi nafasi ya COTEBU, vinaweza kuwa mito, pazia za jikoni na vichwa vya vitanda. Vikapu vya kusuka, mikeka, na vyungu vya wafinyanzi wa Kitwa vina uzuri ambao mteja wa ofisi ya kimataifa anautafuta na hajui auulize wapi. Mwandike mfinyanzi huyo kwenye devi kwa bei anayostahili, usimpunguze kwa sababu tu hana duka. Nyumba za zamani za Rohero, zenye baraza pana na madirisha ya kupitisha upepo, zinafundisha zaidi kuliko picha za Dubai. Kabla hujamshauri mteja aongeze kiyoyozi, fungua madirisha pande mbili uone.

Na uliza maji. Ziwa Tanganyika lilipanda sana mwaka 2020 na 2021, likapanda tena 2024, na nyumba za karibu na ufuko upande wa Kibenga na Kinindo ziliingiliwa. Kwa nyumba ya bondeni usiweke makabati yaliyojengwa hadi sakafuni wala sakafu ya mbao. Fanicha ziwe na miguu, soketi zipande juu, na kabati la hati za familia liwe la juu kabisa. Mteja anayekuja kutoka Brussels hakuona maji yale. Ni wajibu wako kumwambia, hata kama hapendi kusikia.

Huyo mteja wa ugenini ana jambo lake lingine. Yeye analipa, lakini anayekaa mjini ni shemeji, mama au mdogo wake, na kila mmoja ana rangi anayoipenda. Kabla ya kuanza, mkataba utaje jina la mtu mmoja mwenye neno la mwisho, na namba ya simu ambayo kutoka kwake mabadiliko yanakubaliwa. Mama akija akasema ukuta uwe wa kijani, mwitikie kwa heshima zote, "Sawa mama, nitamwandikia," kisha umwandikie kweli, na usiguse brashi mpaka jibu lirudi. Kila Ijumaa mtumie picha chache zenye futi ya kupimia ndani yake, pamoja na picha ya risiti. Futi hiyo inamwonyesha ukubwa halisi, na inakulinda siku ya mabishano. Kila badiliko liwe na bei na siku zake kabla halijafanywa, hata likiwa dogo.

Mkataba wenyewe ukurasa mmoja au miwili unatosha, kwa lugha ambayo mteja anaisoma bila mkalimani. Useme nani ananunua nini, nani anabeba hasara kitu kikiharibika njiani au kwenye ghala, na kazi ikisimama katikati kila mmoja anachukua nini. Suala la ghala si dogo. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara wengi walipoteza kila kitu kwa asubuhi moja. Mali ya mteja isilale kwenye duka la mtu mwezi mzima kwa sababu tu chumba hakijapakwa rangi. Rangi kwanza, ununuzi baadaye.

Karatasi za serikali usizikimbie. Bila NIF, yaani namba ya mlipakodi, na bila kuandikishwa kwenye daftari la biashara, utabaki kwenye sebule za ndugu na marafiki, maana hoteli, benki na mashirika hayawezi kukulipa bila ankara halali. Kodi ya ongezeko la thamani, TVA, iliyoanza Julai 2009, ni asilimia 18; ukifikia kiwango cha kuilipa, iandike juu ya bei yako na usiimeze, na hesabu zake ziende kwa mamlaka ya mapato, OBR, kwa wakati. Mtafute mhasibu wa kukaa naye siku moja kwa mwezi. Anayetaka kusomea kazi hii karibu, Chuo Kikuu cha Ardhi cha Dar es Salaam kina shahada ya ubunifu wa ndani. Na anayetaka kufanya kazi Tanzania ajue kwamba huko bodi ya wasanifu majengo, AQRB, ina utaratibu wa usajili unaowagusa wabunifu wa ndani pia.

Imebaki siku ya kukabidhi. Usikabidhi kwa sherehe, kabidhi kwa karatasi. Zunguka na mteja chumba kwa chumba mchana, mwanga ukiwa wa kutosha, fungua kila droo, washa kila taa, na kila kasoro iandikwe na jina la fundi atakayeirekebisha na siku yake. Mpe orodha ya rangi zilizotumika pamoja na namba zake, kopo lililobaki la kila rangi, makaro machache ya akiba, jina la duka la kitambaa, na simu za mafundi. Wengine huogopa kutoa simu za mafundi wakidhani mteja atawaruka. Atawaruka kwa bawaba iliyolegea, na hilo ni jema, hutaki kuitwa kwa bawaba. Kwa nyumba ya pili atakuita wewe. Omba ruhusa ya kupiga picha, kwa maandishi, na usionyeshe geti, namba ya nyumba wala picha za familia ukutani. Kisha, baada ya mvua za kwanza na tena katikati ya kiangazi, pita uangalie milango ya kabati na kona za chini za ukuta, na ziara hizo mbili uwe umeshazihesabu ndani ya ujira tangu siku ya devi.